Kuomba ramani ya zamani ya bonde la Ngerengere: usilipe kabla hujaiona

Ukifika dirisha la ofisi ya ramani ya serikali ukasema unataka "ramani ya zamani ya Mto Ngerengere", utaulizwa namba ngapi. Hakuna anayetafuta kwa jina la mto. Karatasi za skeli 1:50,000, mfululizo wa Y742, zinakaa kwa namba: Morogoro mjini na miteremko ya Uluguru iliyo juu yake ni 183/3. Ukiufuata mto hadi mji wa Ngerengere umeshaingia 184. Taja namba zote kwenye barua moja, maana ukikumbuka nyingine baadaye unaanza upya masijala.

Barua ya utambulisho, ya chuo au ya mwajiri, unaijua: muhuri, sahihi, matumizi ya ramani. Ila nakala yako nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo barua itakuwa "inatafutwa" na wewe utakuwa unangoja kwenye benchi.

Sasa pesa. Usikubali kupewa namba ya malipo kabla karatasi haijakunjuliwa mbele yako. Mimi nilitaka bonde lilivyokuwa kabla ya bwawa la Mindu, na barua ilisema hivyo. Nikalipa, nikaletewa toleo lenye bwawa. Risiti ikishatoka, ndugu yangu, mfumo haurudi nyuma. Mfumo huohuo ambao asubuhi ulikuwa haupatikani kabisa. Nililipa tena.

Kwa hiyo soma pembeni mwa ramani. Mwaka wa kuchapwa haukusaidii sana. Tafuta mwaka wa picha za anga zilizotumika kuchora, maana karatasi iliyochapwa juzi inaweza kuonyesha mashamba ya miaka mingi nyuma. Herufi DOS ni za idara ya Uingereza iliyochora nyingi za ramani hizi. Kisha tazama Mindu, kusini-magharibi mwa mji: ukiona mto tu, bila ziwa, ndiyo hiyo.

Ukiambiwa zimeisha, omba nakala ya kudurufu, ila nenda na rula. Kila mraba wa kilomita moja lazima uwe sentimita 2 kamili. Ukipungua, mashine imeisinyaza ramani na vipimo vyako vyote vitapotoka.

Na ukiiingiza kwenye kompyuta au GPS, chagua Arc 1960, mfumo wa vipimo uliotumika kuchora ramani hizi, UTM kanda ya 37 kusini. Ukiacha WGS84, mfumo ambao GPS huja nao, kijito kitahama kama mita 300, na mwenyekiti wa kijiji atakuuliza umepima kijiji gani.