Namna ya kuiona kansa ya koo kabla haijaziba njia ya chakula

Wengi wanaoletwa kwetu na kansa ya koo la chakula huwa wamechelewa, na si kwa uzembe. Mtu huanza kwa kusukuma ugali kwa maji, kisha anahamia uji, kisha hata uji unarudi. Hapo ndipo jamaa wanachanga nauli kumtoa Bomet au Kericho na kumleta Nairobi. Uvimbe umeshazunguka umio, yaani hilo koo la chakula, na mara nyingi kilichobaki ni kumwekea mrija wa waya ili apate kumeza. Mimi ni muuguzi katika chumba cha kamera hapa jijini, ile inayopitishwa mdomoni kwa mrija ili kutazama koo kwa ndani, na ninawaandikia mnaoanza kazi hii: wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wachanga mnaojifunza kushika kamera. Kansa hii ikiwa changa huonekana. Tatizo ni kwamba haijionyeshi kwa anayepita mbio.

Ikiwa changa haizibi wala haiumi. Ni kibaka tu (doa dogo) kwenye ukuta wa umio ambacho wekundu wake umezidi kidogo, au mishipa yake midogo imefifia. Kwa mwanga wa kawaida, mweupe, macho mazuri kabisa yanaweza kukiruka. Ndiyo maana tunatumia mwanga wa pekee, kisha rangi.

Lakini anza na mgonjwa mwenyewe. Kenya imo kwenye ukanda unaotoka Ethiopia, ukapita kwetu na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako kansa hii ni nyingi kuliko kawaida. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewahi kuripoti wagonjwa ambao hata miaka 30 hawajafika, kwa hiyo kijana asikupite kwa sababu ya umri wake. Uliza sigara na ugoro. Uliza chang'aa. Uliza kama jikoni ni kuni na moshi hauna pa kutokea, na kama kuna ndugu wa damu aliyeugua koo. Halafu uliza chai. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lilitangaza mwaka 2016 kwamba kunywa vitu vya moto sana, kupita nyuzi 65 za selsiasi, huenda kukasababisha kansa ya umio. Ukimwuliza mama kama anakunywa chai moto atakujibu, "Sasa chai baridi ni ya nani?" Mwulize badala yake kama huwa anamaliza kikombe wakati wengine bado wanapuliza. Jibu la hapo lina maana.

Alale njaa: chakula cha mwisho usiku, na asubuhi asile kitu. Kabla ya zamu yake mwulize kuhusu iodini, maana ndiyo iliyomo kwenye rangi yetu. Je, iliwahi kumfanya avimbe au awashwe mwili? Ana rovu au anatumia dawa za tezi ya shingo? Akisema ndiyo, mweleze daktari kabla mgonjwa hajalala kitandani, kwa sababu huenda rangi ikaachwa na kazi ikabaki kwa mwanga peke yake.

Sasa usafi, na hapa naomba mnisikilize sana. Umio wenye povu na ute haupimiki. Tunampa mgonjwa anywe maji kidogo yenye simethikoni ya kuvunja povu, na ikiwapo asetilisisteini ya kuyeyusha ute, dakika kama 20 kabla. Kamera ikishaingia, daktari aoshe na kufyonza mpaka ukuta ung'ae. Ninajua foleni ya nje ilivyo ndefu na watu wamefika tangu saa kumi na moja alfajiri. Hata hivyo, muda unaouokoa kwa kutoosha unamwibia mtu huyu aliye mbele yako.

Tunapima umbali kutoka meno ya mbele. Umio huanza karibu sentimita 15 na kuishia kama 40. Sehemu ya juu ndiyo hupitwa zaidi, maana mgonjwa anatapika-tapika na kila mtu anataka kamera ishuke upesi. Itazameni vizuri wakati wa kutoka, taratibu, huku mkijaza hewa ya kutosha ili mikunjo ifunguke.

Kwanza mwanga mweupe, kisha bonyeza kitufe kwenye mkono wa kamera. Kwenye mitambo ya Olympus mwanga huo huitwa NBI. Fujifilm wana wao, BLI. NBI huacha mawimbi mawili tu, buluu ya nanomita 415 na kijani ya 540. Damu hunywa mwanga wa rangi hizo, kwa hiyo mishipa midogo iliyo karibu na uso inajitokeza kwa weusi. Ukuta mzima utaonekana wa kijani-buluu iliyopauka. Ukiona eneo la hudhurungi lenye mpaka, simama hapo. Sogea karibu utazame vishipa: vya kawaida ni vitanzi vyembamba, na vya kansa changa vimevimba, vimejipinda, na kimoja hakifanani na kingine.

Kuna mzee mmoja mlinzi aliyekuja kwa kiungulia tu. Kwa mwanga mweupe daktari alikuwa ameshaanza kusema koo ni safi. Kitufe kilipobonyezwa, kwenye sentimita 28 palijitokeza kibaka cha hudhurungi kisichofikia upana wa ukucha wa kidole gumba. Tukaomba iodini.

Hiyo ndiyo rangi ya Lugol, ya asilimia 1 hadi 2. Hupuliziwa kwa mrija mwembamba unaopita ndani ya kamera, kuanzia chini karibu na tumbo kwenda juu, mililita 10 hadi 20 hivi. Usiipulizie juu kabisa kooni, isije ikaingia kwenye njia ya hewa. Seli zenye afya zina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na iodini ikikutana nayo ukuta unageuka kahawia iliyokolea. Seli zilizoanza kuharibika zimepoteza akiba hiyo. Rangi inazikataa, vile rangi ya ukuta inavyokataa kushika penye unyevu, na zinabaki za manjano.

Si kila doa la manjano ni kansa. Hata ukuta uliochomwa na asidi ya tumbo huacha madoa. Yanayotutia wasiwasi ni yale yanayozidi milimita 5 yenye kingo zilizokatika vizuri. Subirini dakika mbili au tatu bila kugusa. Doa likigeuka waridi, hiyo ni ishara nzito, na ukirudisha NBI litang'aa kama fedha. La mzee lilikuwa la waridi kabla ya dakika ya tatu. Hapo ndipo pa kukata kinyama cha kupeleka maabara, na si pengine. Baadaye kipande hicho cha ukuta kiliondolewa kwa kamera hiyo hiyo, bila kufunguliwa kifua.

Rangi hii ni ya aina ya kansa inayoota kwenye ngozi laini ya umio, ambayo ndiyo nyingi kwetu. Ile ya chini inayotokana na asidi ya miaka mingi haitafutwi kwa iodini. Pia kuna kifaa kingine ambacho watafiti wa Rice University kule Houston walikibuni: uzi mwembamba wa nyuzi za kioo unaopita ndani ya kamera na kukuonyesha viini vya seli papo hapo, baada ya kupaka dawa inayong'aa iitwayo proflavini. Kimejaribiwa China pamoja na Lugol ili kupunguza vinyama vinavyokatwa bure.

Mkimaliza, pulizieni sodiamu thayosalfeti kuua iodini, na mfyonze ile iliyoshuka tumboni. Mwambie mgonjwa mapema kwamba kifua kinaweza kuchoma siku hiyo, asije akadhani ametobolewa. Lakini maumivu yakizidi, au akipata homa au akitapika damu, arudi mara moja.

Kwenye ripoti andika umbali kwa sentimita, upande kwa mtindo wa saa, ukubwa, na kama iligeuka waridi. Weka picha ya mwanga mweupe, ya NBI na ya iodini. Chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, iandikwe jina mgonjwa akiwa bado kitandani. Halafu chukua namba mbili za simu, yake na ya mtoto au jirani, kwa sababu majibu ya maabara yakitoka huenda ameshapanda gari kurudi nyumbani, na simu yake haina chaji.