Kunasa ndege kwa wavu kwenye msitu wa Uluguru

Kibali kwanza: TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kisha wenye hifadhi na serikali ya kijiji.

Chukua nyavu za mita 12, tundu la milimita 16 kwa ndege wadogo kama chozi. Zisimamishe jioni zikiwa zimefungwa, mahali penye kivuli, kisha zifungue alfajiri. Wavu ukikazwa mno ndege hudunda na kwenda zake. Uache ulegee kidogo ufanye mfuko. Ukingo wa chini uwe angalau sentimita 30 kutoka ardhini, maana siafu wakimfikia ndege anayening'inia humla akiwa hai. Ukiona msafara wao, hamisha wavu. Kuwafukuza ni kupoteza muda.

Kagua kila dakika 20. Mvua ikianza, funga papo hapo: manyoya yakilowa kwenye baridi ya mlimani, ndege mdogo hufa upesi.

Kumtoa, tafuta kwanza upande alioingilia. Anza na miguu, kisha mabawa, kichwa mwisho. Uzi ulionasa ulimi uondoe kwa kijiti cha meno, taratibu. Mfuko mmoja wa pamba, ndege mmoja. Pima uzito na bawa lililokunjwa, andika saa na mwinuko, mwachie karibu na aliponaswa.