Kitabu cha watoto ndani ya simu: ninavyokitengeneza hapa Lamu

Ukitaka kumtengenezea mtoto kitabu cha picha cha kusoma kwenye simu, azima kwanza simu ya mama yake. Hapa Lamu mtoto wa miaka mitano hana simu wala tableti. Husoma kwenye simu ya mama, jioni, kioo kina ufa, memori imejaa picha za harusi na bando limekwisha. Kitabu kikifunguka hapo bila kukwama, kitafunguka popote. Mimi ni mchoraji, nakaa Mkomani, na haya ninayoyaeleza nimeyapima kwa simu za namna hiyo.

Anza na hadithi fupi. Kurasa 12 hadi 16 zatosha, kila ukurasa sentensi moja au mbili, na kila ukurasa umtie mtoto hamu ya kugeuza. Hadithi ninayoishughulikia sasa ni ya kitoto cha punda kilichopotezana na mamake wakati mama anabeba mchanga kutoka ufuoni. Ukurasa mmoja kinaingia kichochoroni mbio. Ukigeuza, mkokoteni umeziba njia. Hapo sikuandika kwamba kilihuzunika, maana masikio yake yameshalala kwenye picha. Maneno yaseme kile ambacho picha haikiwezi: mlio wa mama unaosikika kwa mbali, harufu ya mahamri dirishani.

Kama huna hadithi yako, African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India zina hadithi nyingi zilizotolewa kwa leseni huru, nyingine zikiwa kwa Kiswahili. Soma leseni ya kila moja. Leseni iitwayo CC BY inakuruhusu kubadilisha na hata kuuza, mradi umtaje mwenyewe. Yenye alama ya NC usiiuze.

Katika kuchora, picha iwe pana, ya kutazamwa kwenye simu iliyolazwa ubavu. Ukichora kwa karatasi ya A4, iskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), upate picha ya pikseli 2480 kwa 3508, na uihifadhi hivyo hivyo kwa siku utakapotaka kuchapa kitabu cha karatasi. Nakala ya simu ipunguze mpaka upande mrefu uwe na pikseli 1600 hivi. Ukipenda kuchorea kwenye kompyuta, Krita ni ya bure na inatosha kabisa. Simu za zamani zina umbo la 16:9 (urefu kwa upana), za sasa nyingi ni 20:9, kwa hiyo vichwa na mikono ya wahusika isikaribie ukingo, itakatwa. Na nakshi za milango yetu, jamani, ni tamu kuchora! Lakini kwenye kioo cha inchi sita hugeuka vumbi. Chora ua moja kubwa la nakshi, lipe nafasi, mengine yaache.

Maneno usiyaandike ndani ya mchoro. Yawe peke yake juu yake, ili uweze kusahihisha herufi, kuyakuza, au kuongeza lugha nyingine bila kuchora upya. Mimi hutumia fonti ya Andika, iliyobuniwa kwa wanaoanza kusoma. Humo I kubwa, l ndogo na 1 hazifanani.

Piga hesabu ya uzito mapema. Picha 16 za KB 200 ni kama MB 3. Sauti ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu nusu MB kwa dakika, basi hadithi ya dakika sita ni MB 3 nyingine. Hapo mama hatalazimika kufuta kitu ili kitabu kiingie.

Sasa sauti, na hapa nakuomba usifanye haraka. Watoto wengi watakaofungua kitabu hiki hawajajua kusoma, na sauti ndiyo itakayowashika mkono. Msomaji wangu ni shangazi yangu, mama wa makamo aliyesimulia hadithi maisha yake yote na hajawahi kuzisoma kutoka kwenye karatasi. Simlazimishi kusoma. Humwambia kisa, akakisimulia kwa Kiamu chake, nami naisogeza sentensi ya kitabu ifuate pumzi yake. Anaposema «Paukwa!» huacha kimya cha sekunde tatu kabla ya kuendelea. Kimya hicho usikikate. Ni zamu ya mtoto kuitikia «Pakawa!», na utawasikia wakipiga kelele mbele ya simu kana kwamba shangazi yumo chumbani.

Nyumba zetu za mawe zina kuta nene lakini ndani zinavuma. Tundika mablanketi mawili nyuma ya msimulizi, mkalishe juu ya godoro, zima feni. Kipaza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta kiwe umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo mwa mdomo, ili herufi p na b zisipasuke. Rekodi baada ya Isha, adhana ya mwisho imekwisha na punda wamefungwa. Akilia mmoja katikati ya sentensi, irudieni yote.

Kazi ya kuunganisha haihitaji kuandika hata mstari mmoja wa programu. SIL, shirika la kimataifa la lugha, wametoa programu mbili za bure za kazi hii. Ya kwanza ni Bloom: unaweka picha na maneno ukurasa kwa ukurasa, kisha unarekodi sentensi kwa sentensi, na mtoto akisikiliza, sentensi inayosomwa hupakwa rangi. Ukimaliza, itoe kama faili la BloomPUB na ulifungue kwa Bloom Reader, programu yake ya kusomea, kwenye ile simu ya kuazima. Mpe mtoto, nawe usiseme neno. Tazama kidole chake kinakwenda wapi. Rekebisha, mpe tena. Kikishakubalika, faili hilo liingize kwenye Reading App Builder, programu ya pili, ambayo hulifanya programu kamili ya Android. Itakutaka uchague jina la ndani la programu. Lichague vizuri, kwani ukishachapisha halibadiliki. Itatengeneza pia ufunguo wa kutia sahihi, yaani faili linalothibitisha kwamba programu ni yako. Nakili ufunguo huo na nywila yake mahali pawili, nakala moja iwe nje ya nyumba yako.

Kwa Google Play utalipa dola 25 mara moja tu. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, nami sioni haja yake kwa wasomaji wetu, maana karibu wote wana Android.  Andaa aikoni ya pikseli 512 kwa 512 na picha ya bango ya pikseli 1024 kwa 500. Programu ya akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya programu kuwekwa hadharani, basi waombe mapema walimu na mama wa Shela, Matondoni na Faza, wenye Gmail. Usiweke matangazo, usikusanye jina wala mahali alipo mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi kwa data ya mtoto. Hata usipokusanya chochote, ukurasa wa sera ya faragha utatakiwa.

Dada zangu mnaofanyia kazi nyumbani, hili lishikeni: ukiuza kupitia akaunti binafsi, Google huonyesha anwani yako kamili. Kitabu changu nakitoa bure. Na mapatano na msimulizi au mchoraji yaandikwe kabla ya kazi kuanza, nani anamiliki nini.

Wengi hawatakipata Google Play. Reading App Builder hutoa pia faili la APK, la kusakinisha programu bila kupitia dukani, nami huligawa kwa Bluetooth au memori kadi, pale watu wanapongoja boti. Simu itaonya kwamba programu haijatoka dukani. Kaa na mama, mwonyeshe namna ya kutoa ruhusa ya kuisakinisha, na mara baada ya kusakinisha mwonyeshe namna ya kuifunga tena. Hadithi ya pili usiifanyie programu mpya. Iongeze ndani ya ile ile, pandisha namba ya toleo, tia sahihi kwa ufunguo ule ule, na mwenye ya zamani ataisakinisha juu yake bila kufuta kitu.