Namna ya kufuatilia michango ya mbunge wako: mwongozo kwa watu wa Lamu

Kila zinapotoka hesabu za nani amesema mara ngapi Bungeni, baraza hugawanyika: huyu bubu, yule shupavu. Lakini hesabu hizo hazimwambii mvuvi wa Faza kama kuna aliyempigania. Mbunge aliyesimama mara tatu kwa mwaka akahoji fidia ya wavuvi mpaka ikajibiwa amefanya kazi kubwa kuliko aliyesimama mara sitini kuunga mkono hoja za wenzake. Kwa hiyo usianze na jina la mbunge. Anza na suala moja, ulifuate hadi mwisho.

Kabla ya kutafuta chochote, hakikisha suala lenyewe ni la Bunge. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: usalama, bandari kubwa na usafiri wa meli wa kitaifa ni vya Serikali Kuu; zahanati, gati ndogo za vijiji na huduma nyingi za uvuvi ni za kaunti. Ukimlaumu mbunge kwa gati ya kijiji iliyooza, atakujibu kwa haki kabisa umwendee mwakilishi wa wadi. Ukimuuliza kuhusu bandari ya Lamu, iliyofunguliwa Mei 2021, au doria za baharini, hapo hana pa kukwepea.

Lamu ina watu wanne Bungeni: mbunge wa Lamu Mashariki (Faza, Kiunga na Basuba), mbunge wa Lamu Magharibi, mwakilishi wa wanawake, na seneta. Watatu wa kwanza wako Bunge la Taifa, wa nne yuko Seneti, na kila Bunge lina Hansard yake, yaani kumbukumbu rasmi ya kila kinachosemwa ukumbini. Wengi hukwama papa hapa: wanamtafuta seneta kwenye Hansard ya Bunge la Taifa, hawamwoni, kisha wanatangaza kwamba amelala.

Hansard inapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.ke. Chagua Bunge unalotaka, halafu sehemu ya Hansard. Kila kikao kina faili lake la PDF lenye tarehe. Kwa kawaida Bunge la Taifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri. Jumatano basi ina mafaili mawili, na ukifungua moja tu umesoma nusu ya siku. Mwaka wa vikao huanza Jumanne ya pili ya Februari na kumalizika Alhamisi ya kwanza ya Desemba, na katikati kuna likizo. Usihesabu kimya cha likizo kuwa kimya cha mbunge. Ukiwa Kiunga au Basuba ambako mtandao unasumbua, pakua mafaili siku unapofika Amu au Mokowe. Yakishaingia kwenye simu yanafunguka bila intaneti.

Sasa kutafuta ndani ya faili. Sehemu kubwa ya Hansard ni Kiingereza, kwa hiyo andika "fishermen", "Lamu East", "Lamu West". Usiishie hapo. Kifungu cha 120 cha Katiba kinaruhusu Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka mbunge aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa lugha hiyo hiyo. Mbunge wa pwani akisimama kwa Kiswahili, hotuba yake huchapishwa kwa Kiswahili katikati ya kurasa za Kiingereza. Anayetafuta "fishermen" peke yake ataikosa yote. Rudia kwa "wavuvi", "uvuvi", "bandari", "fidia".

Ukiona jina la mbunge wako, tazama limekaaje. Likiwa mwanzoni mwa aya kwa herufi nzito, likifuatwa na mabano yenye eneo bunge na chama, ndiye anayesema. Likiwa katikati ya sentensi, anatajwa na mwenzake. Kisha panda juu ya ukurasa hadi ufike kwenye kichwa cha shughuli kilichoandikwa kwa herufi kubwa, ujue mjadala ulihusu nini. Maneno yale yale, "wavuvi wetu wanateseka", yana uzito mmoja ndani ya swali kwa Waziri na uzito mwingine ndani ya salamu za rambirambi.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kupima aina ya mchango. Swali ndilo silaha kali kwa suala la mahali pamoja, kwa sababu linamlazimu Waziri kutoa jibu linaloingia kwenye kumbukumbu. Ombi la taarifa liko karibu nalo: mbunge anaitaka kamati au Waziri aeleze jambo, na maelezo huja baadaye, wakati mwingine wiki kadhaa, kwa hiyo ni lazima ufungue pia mafaili ya mbele. Ukiliona ombi bila jibu, andika "halijajibiwa", usiandike "amefaulu". Hoja hulitaka Bunge zima liazimie jambo. Inasikika kubwa, ila azimio si sheria, na nyingi huishia kwenye karatasi. Mchango kwenye mswada huwa na maana zaidi ukileta marekebisho ya kifungu. Hoja ya nidhamu ni ya utaratibu tu, na ndiyo inayovimbisha hesabu za wasemaji wengi. Mwangalie kwa jicho la pekee mbunge anayekalia kiti cha Spika au anayeongoza kamati: jina lake hujaa kurasa, lakini mengi ni maneno ya kuendesha kikao.

Mswada husomwa mara tatu. Mara ya Kwanza hakuna mjadala. Mara ya Pili ndipo hotuba kali hutolewa. Katika Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, vifungu hurekebishwa kimoja kimoja, na Mara ya Tatu hupitishwa. Wanaosoma Mara ya Pili pekee hudanganyika, maana mbunge anaweza kuukemea mswada leo na kuupigia kura ya ndiyo wiki ijayo, au asionekane kabisa. Kura ikipigwa kwa sauti, majina hayabaki. Ikipigwa ya kuhesabiwa, Hansard huorodhesha majina ya waliokubali na waliokataa. Fungua Hansard ya Juni 25, 2024, siku ya Mswada wa Fedha: 195 walikubali, 106 walikataa. Tafuta jina la mbunge wako, ulinganishe na alichowaambia watu nyumbani.

Seneti ina tofauti moja. Kwa miswada inayogusa kaunti, Kifungu cha 123 cha Katiba kinaipa kila kaunti kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake, yaani seneta aliyechaguliwa, au anayemteua. Lamu yenye watu wachache ina kura sawa na Nairobi. Kura hiyo ikikosekana, Lamu yote imekosekana.

Kazi ya kamati haionekani kwenye Hansard ya ukumbi. Soma ripoti za kamati. Kumbukumbu za mikutano zilizoambatishwa huonyesha waliohudhuria. Mbunge mkimya ukumbini huenda ndiye mchapakazi wa kamati, na haki inataka lisemwe.

Weka daftari: tarehe, asubuhi au alasiri, ukurasa, aina ya shughuli, alichoomba kwa sentensi moja, jibu, kura. Kwa fidia ya wavuvi anzia mwisho wa Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilipoamuru shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu. Video fupi za WhatsApp usiziingize mpaka uzilinganishe na Hansard ya siku hiyo, kwani hukatwa pale jibu linapoanza.

Mbunge akija barazani, mwulize kwa tarehe: "Mheshimiwa, siku fulani, ukurasa fulani, uliomba taarifa kuhusu doria za usiku. Jibu lilikuja lini?" Swali la namna hiyo halijibiwi kwa hotuba. Kama Bunge lenyewe halijalishika suala, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa Bunge, ama kupitia kwa Karani wa Bunge au mbunge mwenyewe. Andika ombi lenyewe bayana, eleza hatua mlizokwisha kuchukua, na utaje kama suala liko mahakamani.

Hansard ikikosekana mtandaoni, mwandikie Karani kwa kutaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ueleze Bunge, tarehe na kikao. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa, una siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ukiambatisha nakala ya barua yako ya kwanza yenye muhuri wa kupokelewa.