Usiishie kuposti picha zao: jinsi ya kujifunza biashara kwa wanawake weusi waliotangulia

Wengi wakitafuta hamasa wanachukua picha ya Madam C.J. Walker, yule Mmarekani mweusi aliyetajirika kwa bidhaa za nywele, wanaiweka na maneno matamu, imeisha hiyo, kesho biashara iko pale pale. Mimi nasema chukua mbinu, picha achana nayo.

Kwanza chagua mmoja tu, alafu soma miaka yake ya kabla hajatoboa maana huko ndo kuna shule. Mchukue huyo huyo Madam C.J.: habari za jumba lake la kifahari hazikupi kitu cha kufanyia kazi, ila ukirudi nyuma hadi mji wa St. Louis, Marekani, unamkuta Sarah Breedlove (ndo jina lake la kuzaliwa), mjane, anafua nguo za watu kwa dola moja na ushee kwa siku, ana binti wa kulea na nywele zinamkatika. Akaja kuwa wakala wa bidhaa za nywele za Annie Malone, mfanyabiashara mwingine mwanamke mweusi, akalijua soko, 1905 akahamia Denver na baadae akaanzisha za kwake. Yaani hata yeye alianza kwa kuuza bidhaa za mtu mwingine, hii huwa hawaisemi.

Sasa jiulize: wateja wa mwanzo aliwapataje? Jibu liandike kwa sentensi moja, ikizidi hapo ujue bado hujaelewa. Malone kwa mfano, maduka hayakumpa nafasi mwanamke mweusi, basi yeye na wasaidizi wake wakawa wanapita mlango kwa mlango, wanamhudumia mtu nywele bure hapo hapo, akishaona mwenyewe ndo anauziwa. Igeuze hiyo iwe kazi yako ya wiki hii. Unatengeneza simu? Msafishie mtu tundu la chaji bure akiwa anaangalia. Unafundisha hesabu? Mwelekeze mtoto swali moja mbele ya mzazi wake.

Kama kinachokukwamisha ni pesa, msome Maggie Lena Walker wa Richmond, Virginia (huyu ni Walker mwingine, sio Madam C.J.). 1899 alikabidhiwa uongozi wa chama cha kusaidiana cha St. Luke kikiwa na dola 31.61 tu, na 1903 akafungua St. Luke Penny Savings Bank, iliyopokea hadi senti za wafua nguo na watoto. Cha kuiga sio kufungua benki jamani, ni kupanga malipo yaendane na mfuko wa mteja wako. Na angalia mpangilio wake, gazeti la chama lilianza 1902, watu wakawa wanamsikia kabla hajawaomba pesa zao. Hapo ndo wengi tunafeli, tunatokea siku ya kuuza tu.

Walipoumia napo pasome. Malone 1906 alilisajili jina la bidhaa zake, Poro, sababu waigaji walikuwa wengi, hapo alicheza vizuri, ila 1927 ndoa ikavunjika, mume akadai nusu ya biashara na ikabidi alipwe dola 200,000. Kwa hiyo kasajili jina kabla hujachapisha lebo, na kama mnafanya biashara na mwenza wako andikishaneni nani ana kiasi gani, mapema, mkiwa bado mnacheka.