Jinsi ya kuchora mchezo wa nchi zinazosubiriana kwenye hela ya kidijitali

Kila nchi ikitoa sarafu ya kidijitali ya benki kuu (yaani hela ya nchi yenyewe, ila ya kidijitali, inayotolewa na benki kuu na sio kampuni ya simu) huku kwetu kunaibuka swali lile lile, "sisi tunangoja nini?" Kabla hujauliza naomba uchukue daftari na peni, dakika kumi tu, uchore mchezo wenyewe, utaona kwamba kungoja nako ni uamuzi, tena mara nyingi ni uamuzi wa akili. Hii ndo nadharia ya michezo, yaani kupima uamuzi wako ukijua matokeo yanategemea na mwenzako ataamua nini, na hesabu yake haizidi kujumlisha na kugawanya.

Anza na wachezaji. Tuchukue Kenya na Tanzania, manake zote watu wake wameshazoea hela ya simu miaka mingi (M-Pesa Kenya ipo toka 2007). Kila nchi ina njia mbili, kuanzisha au kusubiri. Chora mraba wa vyumba vinne, Kenya iandike juu, Tanzania pembeni.

Sasa pointi, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanaandika wanachotamani wao badala ya kile nchi inachopata kweli. Mfikirie mama wa Tanzania anayepeleka vitunguu Namanga, mpakani na Kenya. Anauza upande wa Kenya, analipwa shilingi za Kenya, anazifunga kwenye kanga anavuka nazo, anamtafuta mtu wa kubadilisha, na pale anamegwa kidogo. Nchi zote mbili zikianzisha na mifumo ikasomana, hela yake inaingia kwenye simu pale pale ikiwa shilingi ya kwao, hapo kila nchi ipe 4. Ikianzisha nchi moja peke yake imeingia gharama za mitambo na ulinzi na kuelimisha watu, na mama bado yuko kwa mbadilisha hela, hiyo ipe 1. Aliyesubiri mpe 3, hajatoa senti, hela ya simu inaenda kama kawaida na anajifunza kwa makosa ya mwenzake. Wote wakisubiri andika 3 kwa 3. Namba hizi ni za mfano, kinachobeba maana ni ipi kubwa kuliko ipi.

Ukimaliza, ziba kwa kiganja sehemu ya "Kenya inasubiri", ubaki na ile ya "Kenya inaanzisha". Tanzania inachagua kati ya 4 na 3, inaanzisha. Hamisha kiganja. Sasa ni kati ya 1 na 3, inasubiri. Fanya hivyo hivyo kwa Kenya. Utabaki na vyumba viwili ambavyo aliyemo hatamani kuhama peke yake, wote kuanzisha au wote kusubiri, na hiyo ndo inaitwa msawazo wa Nash.

Wataangukia kipi? Tuseme Tanzania inaona ni nusu kwa nusu Kenya itaanzisha. Nusu ya 4 ni 2, nusu ya 1 ni 0.5, jumla 2.5, wakati kusubiri kunampa 3 bila jasho. Kwa namba hizi uhakika lazima upite theluthi mbili ndo kuanzisha kulipe. Na ukiangalia yaliyotokea, BoT (Benki Kuu ya Tanzania) Januari 2023 ilisema itaenda kwa awamu na kwa tahadhari, halafu Juni 2023 CBK (Benki Kuu ya Kenya) ikasema kwa muda mfupi na wa kati hili sio jambo la kulikimbilia. Wako kwenye kile chumba cha 3 kwa 3, na mi siwalaumu.

Usiishie hapo, chora jedwali la pili, la ndani ya nchi, mwenye duka na mteja. Hili watu wanalisahau na ndo limewaumiza Nigeria. eNaira, sarafu yao ya kidijitali, ilizinduliwa Oktoba 2021, lakini mwenye duka hawezi kuhangaika nayo kama wateja hawana, mteja naye ataiwekaje kwenye simu kama dukani haipokelewi, wanasubiriana. Utafiti wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) wa 2023 uliona kwamba kwenye wiki yoyote ile asilimia 98.5 ya waleti (pochi za eNaira kwenye simu) hazikuguswa hata mara moja. Benki kuu inaweza kushinda jedwali la kwanza ikapigwa kwenye la pili.

Hatua ya mwisho ni kushusha pointi za kusubiri uone nani anahama. Bahamas ina visiwa vimetawanyika na matawi ya benki huko ni shida, kusubiri kwao ni kama 0, kwa hiyo sarafu yao ya kidijitali, Sand Dollar, ilitoka Oktoba 2020 bila kumngoja jirani. China malipo ya simu yalishashikwa na kampuni mbili kubwa, benki kuu ikaanza majaribio ya sarafu yake 2020. Facebook ilivyotangaza Libra, sarafu ya kidijitali iliyopanga kuitoa, Juni 2019 ilizishushia benki kuu nyingi ile 3 kwa mpigo mmoja, manake ghafla kusubiri kukawa na maana ya kumwachia mtu binafsi hela ya nchi. Na Januari 2025 Trump akasaini amri ya kuzuia dola ya kidijitali ya benki kuu, hapo kwenye jedwali la Marekani unafuta njia nzima ya "anzisha".

Jedwali lako la Namanga litunze. Siku BoT na CBK wakikubaliana kusomanisha mifumo kwa tarehe moja, rudi kwenye ile nusu kwa nusu uweke tisa kwa kumi, piga hesabu upya: kuanzisha kunakuja 3.7.