Jinsi ya kuisoma Silence ya Endo bila kukasirika njiani

Sisi tuliokuzwa na mashahidi wa Uganda, wale waliochomwa Namugongo 1886, tukishika riwaya ya Shusaku Endo tunasubiri padri afe kishujaa. Hafi. Mi mara ya kwanza nilikifunga nikasema padri gani huyu sasa.

Kabla hujaanza pitia historia kidogo tu, dakika kumi zinatosha: Japani ilipiga Ukristo marufuku 1614, na Ferreira, mkubwa wa Wajesuiti kule, ambaye padri wa riwaya, Rodrigues, anaenda kumtafuta, alikana imani kweli mwaka 1633 baada ya kuning'inizwa kichwa chini shimoni, hiyo sio hadithi. Endo mwenyewe alikuwa Mkatoliki, kitabu kilitoka 1966. Basi, anza.

Kalamu iwe mkononi kwa ajili ya Kichijiro, Mjapani anayemwongoza padri kuingia Japani. Yule mlevi anakana, analia, anaungama, anasaliti, anarudi tena kuungama, mpaka padri Rodrigues anaona kinyaa kumwondolea dhambi. Kila akitokea weka alama, ukimaliza kitabu rudi usome zile alama tu mfululizo. Mi hapo ndo nilinyamaza, maana analalamika kwamba angezaliwa kipindi kisicho na mateso angekuwa Mkristo mzuri tu, na aisee mi ndo nimezaliwa kipindi hicho.

Ule usiku wa jela usomeni kwa sauti kama mko jumuiya. Rodrigues yuko gizani anasikia mtu anakoroma, anadhani ni mlinzi, anacheka kabisa, halafu anaambiwa huko sio kukoroma, ni wakulima wananing'inia shimoni wanagugumia, na wenyewe walishakana zamani ila hawafunguliwi mpaka yeye akanyage fumie, ile picha ya Kristo waliyokanyagishwa watu kuonyesha wamekana imani. Simameni hapo. Usiulize kama alitenda dhambi, mtabishana mpaka saa nne usiku na hamna atakayemsikiliza mwenzie, uliza ni maumivu ya nani yaliyomvunja, yake au ya wale? Halafu jogoo anawika, kwa hiyo fungueni Mathayo 26 mkasome ya Petro.

Kurasa za mwisho zimeandikwa kama daftari la ofisa, kavu kama risiti, wengi wanaziruka. Usiruke, Kichijiro yumo, safari hii anapekuliwa.